Koki na valvu za mtindo wa zamani kwenye nyumba ya mawe: nikarabati, ninunue mpya, au nichanganye?

Mtaa_wa_Mawe

Habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi ya maji, mafundi na wenye nyumba.

Nyumba yetu iko Parklands, ya mawe, paa la vigae vya Mangalore, ilijengwa kabla ya uhuru. Maji ya kampuni huingia kwenye tangi la chini siku za mgao wetu, pampu inayapandisha hadi tangi la darini, kisha yanashuka yenyewe bafuni na jikoni. Koki karibu zote ni zile nzito za brasi, kichwa cha msalaba, na kile kidude cheupe cha kauri juu kilichoandikwa H (moto) au C (baridi). Kadhaa zinadondosha usiku kucha. Valvu ya gurudumu iliyo chini ya tangi la darini nayo haifungi: unaizungusha mpaka mwisho na maji yanaendelea kupita.

Fundi aliyekuja aliangalia kidogo akasema zote zitolewe, tuweke za kisasa za kugeuza mara moja. Akasema pia atanisaidia kubeba hizo kuukuu bila malipo.

Mimi nataka nyumba ibaki na sura yake. Madukani nimeona koki mpya zenye sura ya zamani, msalaba na yote, za kromu au za rangi ya brasi iliyofifia. Bei zinapishana sana na kwa macho sioni tofauti. Sasa nisaidieni: nikarabati nilizonazo, ninunue mpya za sura hiyo, au nimsikilize fundi? Na valvu ya tangi niweke ya aina gani?

MamaWawili_Buru

Dada, kabla ya yote: hizo koki zisitoke getini. Brasi huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ndiyo maana koki za nje na mita za maji huibwa mitaani. Mtu akijitolea kubeba bure, anajua anachobeba. Zitie kwenye ndoo, ufungie stoo.

FundiKoki

Mama hapo juu amesema kweli, na nawasemea mafundi wenzangu kwa uchungu: kuna wanaotoa kitu kizima ili wauze.

Sasa tuingie kazini. Dada, kabla ya kuangalia sura, tenga kazi mbili. Kuna valvu za kufunga njia, ambazo unazigusa tu siku ya kukarabati. Na kuna koki za mkononi, ambazo watu wanafungua na kufunga kutwa. Hizi mbili usizichague kwa kipimo kimoja. Msimamo wangu, baada ya kufanya kazi hii Eastlands mpaka huko kwenu Parklands, ni huu: kwa nyumba inayotegemea tangi la juu, koki za mkononi ziwe za mtindo wa zamani, za washa, yaani kile kipande laini cha mpira kinachoziba maji ndani. Valvu za kufunga njia ziwe za kisasa, za robo mzunguko. Watu wengi hufanya kinyume, wanaweka koki za kung'aa bafuni na kuacha geti valvu mbovu, ile ya gurudumu, darini.

Sababu ya kwanza ni presha. Maji ya tangi la darini hayana nguvu nyingine ila kimo. Kila mita moja hukupa takriban 0.1 baa (baa ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita tatu juu ya koki, una 0.3 baa, basi. Koki nyingi za diski za kauri, hasa zile za kuchanganya maji moto na baridi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, zinataka angalau 0.5 baa na nyingine 1 baa nzima. Ufungue boksi dukani usome karatasi iliyomo. Ukiiweka koki ya namna hiyo chini ya tangi lako, utapata uzi mwembamba wa maji, na lawama zitaiendea pampu bure. Koki ya washa ina tundu pana. Ukiizungusha, washa inanyanyuka kutoka kwenye kiti chake na maji yanapita yote.

Sababu ya pili ni tope. Koki ya kisasa ya kauri ina diski mbili ngumu, laini kama kioo, zinazoteleza moja juu ya nyingine. Zikiwa safi hudumu miaka mingi kuliko washa yoyote, nalisema hilo bila kinyongo. Lakini maji yakirudi baada ya mgao, cha kwanza kutoka ni hewa, halafu kutu na mchanga wa bomba. Chembe moja ikiingia katikati ya diski, inachora. Hapo huwezi kubadilisha kitu kidogo, unabadilisha moyo mzima wa koki, na mioyo hiyo haifanani: meno ya juu yanatofautiana kwa idadi, urefu unatofautiana. Usipopata wa aina yako, unatupa koki nzima. Washa ya nusu inchi iko kila hadiwea kuanzia River Road mpaka kibanda cha mtaani kwenu, na bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo karabati hizo ulizo nazo. Nikirudi jioni nitaeleza namna ya kuzikagua.

Waya_na_Maji

Fundi, nakupinga kidogo. Watu wengi siku hizi wanaweka pampu ya kuongeza presha baada ya tangi la juu. Ukiwa na 1.5 baa au 2, hoja yako ya kimo inakwisha. Hapo koki ya kauri ni bora: haikazwi kwa nguvu, haidondoshi, na mtoto anaifunga. Kwangu South C ziko hivyo na sijutii.

FundiKoki

Umesema sawa, pampu hiyo inabadilisha hesabu. Ila stima ikipotea unarudi kwenye kimo cha tangi, na koki ya kauri inaanza kulia. Mwenye jenereta au betri kubwa hana shida. Dada wa Parklands hakutaja pampu ya pili, ndiyo maana nikajibu hivyo. Kwa wenye pampu ya presha naongeza jambo moja: weka chujio la Y kabla ya pampu, lile lenye kikombe kidogo cha kufungua na kuosha wavu. Litalinda pampu na koki zote zinazofuata.

Mkadiriaji_Majenzi

Naongezea upande wa ununuzi, kwa sababu hapo ndipo watu hulia.

Sura ya zamani haikuambii lolote kuhusu vilivyo ndani. Koki mbili zenye msalaba na kidude cha kauri, moja ina washa na moyo wa brasi, nyingine ina diski ya kauri ya robo mzunguko iliyovishwa kofia ya kizamani. Muulize muuzaji, na usipoamini, zungusha kichwa mwenyewe. Kikigota baada ya robo au nusu mzunguko, hiyo ni ya kauri. Kikiendelea kuzunguka mizunguko kadhaa huku kikipanda, hiyo ni ya washa.

Halafu uzito. Brasi ni nzito. Koki nyepesi mara nyingi ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Chungulia ndani ya mdomo wa kuunganishia, kwenye thredi ambako rangi haikufika: brasi ni ya njano, zinki ni ya kijivu. Beba sumaku ndogo pia. Brasi haivutwi na sumaku, kwa hiyo ikinata mwilini mwa koki, weka chini uondoke. Msumari mdogo wa kichwani unaweza kuwa wa chuma, huo usikutishe.

Kwa valvu, tafuta maandishi yaliyochongwa mwilini. Kwenye koki na stopikoki (valvu za washa za kufunga njia) za mtindo wa Kiingereza kiwango kinachojulikana ni BS 1010, na geti valvu za brasi na shaba ni BS 5154. Ukiona alama ya CR au DZR, maana yake ni brasi inayostahimili kuliwa zinki. Brasi ya kawaida ikikaa kwenye maji yasiyopatana nayo, zinki inatoka polepole na kubaki shaba dhaifu yenye matundu madogo. Utaiona kwa unga mweupe nje na madoa ya waridi ukiikwaruza. Valvu ya namna hiyo huvunjika mkononi siku ukiikaza.

Kwenye hesabu zetu za ujenzi hapa Kenya tumezoea kuandika geti valvu ya Pegler, kampuni ya Uingereza, au inayolingana nayo, ndiyo maana ukienda dukani ukisema "Pegler" utaletewa valvu nzito yoyote ya gurudumu. Angalia jina lililochongwa, usinunue kwa kusikia.

Na fundi, geti valvu usiitupe yote. Kwenye bomba linalotoka kwa pampu mimi bado ninaipenda, kwa sababu inafunga polepole. Valvu ya mkono mmoja ukiipiga ghafla, maji yaliyokuwa mbioni yanagonga na bomba zima linatingishika. Kwa bomba refu hiyo si mchezo.

FundiKoki

Mkadiriaji, nakubali kwenye pampu, mradi isiachwe nusu wazi. Geti valvu ni ya kufungua yote au kufunga yote. Ukiiacha nusu, kabari ya ndani inatetemeka kwenye mkondo na kiti kinalika.

Turudi kwa valvu ya tangi ya dada. Ndani ya geti valvu kuna kabari ya brasi inayoshuka kwenye ufa. Chini ya ufa huo ndipo tope la tangi hukaa. Kabari ikifika juu ya tope inasimama kabla ya kuziba, mtu anaona maji bado yanapita, anachukua spana, analazimisha. Hapo mara nyingi kabari inachomoka kwenye skrubu yake. Gurudumu linazunguka vizuri na ndani hakuna kinachofanyika. Ukiona linazunguka bila kugota popote, hiyo imekufa.

Badala yake weka boli valvu, ile ya mkono mmoja yenye tufe lililotobolewa katikati. Iwe ya tundu pana, yaani shimo la tufe lilingane na bomba lenyewe. Zile za bei ndogo zina shimo lililobanwa na chini ya tangi la juu utapoteza presha ambayo tayari ni haba. Mkono ukilala sambamba na bomba, iko wazi. Mkono ukikingama bomba, imefungwa. Hata mgeni anajua. Izungushe mara moja moja kwa mwaka hata kama huna kazi nayo, la sivyo tufe litang'ang'ania.

Stopikoki ya washa usiweke chini ya tangi. Inapindisha maji ndani yake, inakula presha. Mahali pake ni penye presha ya kampuni, karibu na mita, na hapo mshale uliochongwa mwilini ufuate maji yanakoelekea. Nyingine zina washa isiyofungwa, inayoelea. Ukiigeuza, maji yenyewe yanaikandamiza washa na hupati hata tone.

Sasa koki zenyewe. Funga maji, fungua koki uishushe presha, weka kitambaa kwenye shimo la sinki ili skrubu isikutoroke. Ng'oa kidude cha H au C, chini yake kuna skrubu. Toa kichwa, kisha nati kubwa, nyanyua moyo wote. Washa iko mwisho wake. Lakini usikimbilie washa. Ingiza kidole ndani ya koki mpaka ukute ule mdomo wa duara unaotazama juu, hicho ndicho kiti. Zungusha ukucha juu yake taratibu. Ukipita bila kukwama, washa mpya inatosha. Ukucha ukinasa mahali, maji yamechimba, na hata uweke washa ya dhahabu itadondosha wiki hiyo hiyo. Fundi mwenye kifaa cha kusaga kiti anakaza kifaa hicho mahali pa moyo, anazungusha kwa mkono mara chache, kiti kinakuwa bapa tena. Muulize fundi wako kama anacho kabla hujakubaliana bei. Asiyekuwa nacho ndiye atakayekuambia ununue mpya.

Maji yakitoka shingoni koki ikiwa wazi, hiyo si washa. Kaza nati ndogo ya shingo kidogo. Ikikataa, toa uzi wa kuzibia uliooza uzungushe mpya wa PTFE, ile plastiki nyeupe ya kuzibia.

Upande wa maji moto taja hivyo dukani. Washa za ngozi ni za baridi tu. Chukua mpira unaohimili joto.

Kisauni_Pwani

Fundi wa bara, ahsante kwa darasa. Huku kwetu Mombasa adui ni chokaa, maana maji ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Koki ya kauri ikikaa bila kuguswa inashikana, ukiilazimisha mkono unavunjika. Ya washa nayo inaota ukoko kwenye skrubu lakini unaifungua, unaitia kwenye siki, unaisugua, unairudisha. Bwana fundi, nyinyi wa Nairobi mnaotumia maji ya Ndakaini mna bahati, si maji magumu hayo. Ila kromu msiiloweke kwenye siki usiku mzima, itabanduka.

MamaWawili_Buru

Naona wanaume wanazungumza mabomba tu. Niwaulize: nani anaifungua hiyo koki? Mama mkwe wangu ana yabisi ya vidole. Koki ya msalaba kwake ni adhabu, na mikono ikiwa na sabuni ndiyo kabisa. Anaikaza kwa nguvu zote kwa hofu ya kudondosha maji, washa inakatika. Tukamwekea ya mkono mrefu kwenye bafu lake na jikoni, akapumua. Sura ya nyumba ni nzuri, lakini mkono wa mtu mzima uangaliwe kwanza.

Mtaa_wa_Mawe

Mama, hilo umenigusa. Baba anaishi nasi na ana miaka sabini na kitu. Bafu lake ni la chini.

FundiKoki

Mama ameleta neno zito. Kuna njia ya katikati, dada: koki za sura ya zamani zenye mkono mmoja mrefu wa brasi badala ya msalaba, zile zilizokuwa zikiwekwa hospitalini. Ndani zinaweza kuwa za kauri za robo mzunguko. Kwa bafu la mzee chukua hiyo, na kwa kuwa bafu liko chini, kimo cha tangi kinaongezeka, hivyo presha itakuwa nzuri kidogo kuliko ghorofani. Chagua za koki mbili mbali mbali, moto na baridi, si ya kuchanganya. Zina njia pana ndani.

JiraniMpya_Kasarani

Mimi ni mpangaji tu. Koki ya jikoni inadondosha, mwenye nyumba hapokei simu. Naweza kubadilisha washa mwenyewe bila kuharibu?

FundiKoki

Unaweza, ndugu. Tafuta kwanza valvu ya kufunga maji ya nyumba yako peke yake, mara nyingi iko bafuni juu ya mlango au kwenye korido karibu na mita ndogo. Ukiikosa, usianze. Ukifunga na maji yakiendelea kutoka, usianze pia, kwa sababu utafurikisha jirani wa chini. Piga picha kila hatua. Gharama ya washa hata usidai kwa mwenye nyumba.

Baridi_ya_Leeds

Salamu kutoka Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, na huku nafanya kazi ya mabomba ya kupasha nyumba joto. Nimeusoma uzi huu kwa hamu kwa sababu mjadala huu huu tunao huku kuhusu rediata, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji moto kupasha chumba.

Kila rediata huku ina valvu mbili, moja kila upande. Ya kwanza ni ya mwenye nyumba kugeuza. Inaweza kuwa ya gurudumu la mkono tu, au yenye kihisi cha joto. Ndani ya kichwa hicho kuna nta au kimiminika kinachotanuka chumba kikipata joto, kinasukuma pini chini, maji moto yanapungua. Ya pili imefunikwa kofia, ni ya fundi. Anaitumia kugawanya maji ili rediata ya karibu na boila isinyonye yote na ya mwisho ikabaki baridi. Ukitaka kuitoa rediata ili upake rangi ukutani, unahesabu mizunguko unayofunga kwenye ile ya kofia, unaandika, na unarudisha vivyo hivyo.

Watu wenye nyumba za zamani wanapenda rediata za chuma cha kutupwa na valvu zenye gurudumu la mbao au brasi. Zinapendeza mno. Lakini nawaambia wateja yale yale aliyosema Mkadiriaji: sura ni ya nje. Kuna zenye gurudumu la mbao ambazo ndani yake ni kihisi cha kisasa, na kuna nyingine ambazo ni gurudumu tupu. Chumba cha kulala kiwe na kihisi. Sebule yenye kipimajoto cha ukutani kinachoamrisha boila iachwe na gurudumu, la sivyo vifaa viwili vinagombana. Halafu wanasahau umbo: bomba likitoka ukutani unataka valvu ya kona ya namna moja, likitoka sakafuni unataka nyingine, na wengi hununua kwa rangi kisha valvu haikai.

Jambo linalowahusu ninyi wa Nairobi ni rangi hizo. Brasi isiyopakwa kitu itabadilika kuwa ya kahawia na kijani kidogo, hasa bafuni. Wengine wanapenda hivyo. Ile ya "brasi ya kale" ya dukani ni rangi iliyopakwa, na ukiisugua na dawa ya kung'arisha shaba, unaiondoa. Kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha.

Waya_na_Maji

Leeds, kuna mtu Tigoni anataka kuweka rediata kwa sababu ya baridi ya Julai. Ina maana?

Baridi_ya_Leeds

Kwa miezi miwili mitatu ya baridi, gharama ya boila na mabomba ni kubwa mno. Azibe kwanza upepo wa milangoni na darini, halafu jiko la kuni lenye bomba zuri la moshi. Kama anajenga upya na ana hela, hilo ni jambo jingine, na hapo aje tuongee.

Mkadiriaji_Majenzi

Kabla uzi haujazama, usalama. Mwenye kipasha maji cha sola darini au boila ya stima: lile bomba la kupumulia linalopanda juu ya tangi halifungwi valvu ya aina yoyote, ya zamani wala ya kisasa. Vilevile kati ya boila na valvu yake ya usalama, ile inayoachilia presha ikizidi, pasiwe na kitu cha kufunga. Mtu akiifunga kwa kutojua, maji yanachemka bila pa kutanukia, na tangi linaweza kupasuka. Nimeona michoro yenye kosa hilo.

Na valvu ya kutorudisha maji iwekwe kwenye bomba la kampuni kabla ya tangi la chini. Bomba la mtaani likikauka siku za mgao, maji yako yasirudi nje.

Mtaa_wa_Mawe

Nimepata fundi mwingine, mwenye kifaa cha kusaga kiti. Tumefungua koki moja ya bafu la juu kwa pamoja. Washa ilikuwa imekuwa ngumu kama mfupa na kiti kilikuwa na kijito upande mmoja, ukucha unanasa kabisa kama ulivyosema. Akasaga, akaweka washa nyeusi, akazungushia uzi mpya shingoni. Haidondoshi tena. Na maji yanavyotoka, mtu hawezi kuamini ni tangi lile lile.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Za juu na jikoni tunakarabati zote. Bafu la Baba tunaweka mbili za mkono mrefu, brasi nzito, nimekwisha kuzipima na sumaku. Ya bustanini naitoa, nitaweka ya plastiki yenye tundu la kufuli, hiyo ya brasi iende ndooni na wenzake. Chini ya tangi boli valvu ya tundu pana. Kilichobaki ni swali moja: dada yangu aliyeko Marekani ananiletea koki ya beseni ya sura ya zamani, nzuri sana. Itaingia kwenye mabomba yetu?

FundiKoki

Thredi za Marekani ni NPT, zetu ni BSP. Kwa nusu inchi zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo itaanza kuingia na utadhani imekubali. Lakini pembe ya meno ni tofauti, nyuzi 60 kwa 55, na haitaziba vizuri. Mwambie alete na vipande vya kubadilishia kutoka NPT kwenda BSP, huko havina shida kupatikana. Pia amtumie muuzaji ujumbe aulize presha ya chini kabisa. Ikiwa anataja 20 psi, hiyo ni karibu 1.4 baa, aiache huko huko.

Valvu ya tangi, tafadhali ipangie siku. Hakuna kitu kinachoweza kuyazuia maji ya tangi lenyewe wakati fundi anaitoa ile iliyokufa, lazima tangi liwe tupu. Zima pampu siku moja kabla ya mgao wenu, tumieni maji ya juu mpaka yaishe, jazeni ndoo za kunywa na choo. Fundi aingie asubuhi, aoshe tope la chini kwanza, ndipo aweke valvu mpya. Kama tangi ni la plastiki asipake ile dawa nyeupe ya thredi yenye mafuta kwenye mdomo wa tangi, inaweza kulitafuna. Washa ya mpira pande zote mbili na tepu ya PTFE vinatosha. Maji yakiingia jioni, liache tangi lijae kidogo tu, uangalie chini kwa tochi, kisha ndiyo ulijaze.